Ahadi Zikivunjwa, Bei ya Kura Hushuka

Kuna swali ninalolisikia kila mara hapa Kabazi, na limeanza kunikera. Mwanasiasa akishapita, gari lake likiwa bado linatimua vumbi kuelekea Subukia mjini, watu hawaulizani amesema nini. Huulizana, "Ametuachia ngapi?" Jibu huwa mia mbili kwa kila mmoja, au mia, kwa kuwa waliokabidhiwa kugawa wameshakata fungu lao. Mtu akithubutu kutaja maji au barabara aliyoahidi mheshimiwa, wenzake humcheka. Nilimsikia mzee mmoja sokoni akimshauri kijana wa bodaboda aliyekuwa akibishana juu ya kisima tulichoahidiwa: "Hayo ya maji mwachie mwenyewe, kijana wangu. Wewe shika hiyo yako."

Wahubiri huliita jambo hili tamaa, na wachambuzi wa Nairobi huliita ujinga. Mimi nakataa yote mawili. Mzee yule alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa. Aliyeahidiwa maji uchaguzi baada ya uchaguzi na bado anabeba mitungi kutoka mtoni ana kila sababu ya kuthamini noti iliyo kiganjani kuliko mfereji ulio mdomoni mwa mtu. Kinachonikosesha usingizi ni mwenye kufaidika na hesabu hiyo. Tumezoea kusema kwamba ahadi iliyovunjwa humharibia mwanasiasa jina. Ninavyoona mimi, humpunguzia gharama. Mpiga kura anayeamini ahadi ni ghali, kwa sababu atadai shule, atadai zahanati, atakukumbusha tarehe. Asiyeamini chochote anauza kwa mia mbili na hadai risiti. Basi anayeua imani yetu ndiye anayerudi baada ya miaka mitano kununua kura kwa bei aliyoishusha mwenyewe.

Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema. Sisi ni walevi wa namna gani, tunaokunywa mara moja tu katika miaka mitano, na bado mgema anatumaliza?

Mkulima hulima ahadi

Kwa msomaji asiyetufahamu, Kabazi ni mojawapo ya wadi tatu za eneo bunge la Subukia, Kaunti ya Nakuru. Nyingine ni Waseges na Subukia yenyewe. Huku ni mahindi, ng'ombe wa maziwa, kahawa na mboga. Nalitaja hili kwa sababu ahadi ya siasa ikimfikia mkulima haikai masikioni tu. Huingia shambani. Mfanyakazi wa ofisi akidanganywa kwenye kampeni atalalamika kisha Jumatatu aende kazini kama kawaida. Mkulima akiambiwa zao fulani litapata soko, hung'oa kitu fulani ili apande kile alichoahidiwa.

Waulizeni watu wa Molo, Njoro na Kuresoi habari za pareto. Kenya iliwahi kushika sehemu kubwa kabisa ya soko la pareto duniani, na makao ya bodi pamoja na kiwanda yalikuwa papa hapa Nakuru mjini. Maua yale meupe yalisomesha watoto, yakajenga nyumba za mabati pale ambapo palikuwa na za nyasi. Kisha malipo yakaanza kuchelewa. Miezi ikawa miaka. Mkulima alipeleka maua makavu, akarudi na karatasi, na karatasi haiwezi kulipa karo. Watu wakang'oa pareto wakapanda viazi, na soko likahamia Tasmania kule Australia.

Tangu hapo, sijui kampeni hata moja katika ukanda huu iliyopita bila mtu kusimama juu ya gari na kusema, "Tutafufua pareto." Wa urais wamesema, wa ugavana wamesema, na wa ubunge wakaitikia. Sheria ilibadilishwa mwaka 2013, kampuni binafsi zikaruhusiwa, kaunti nayo ikagawa miche. Sibezi juhudi hizo, na wapo wakulima waliorudi. Lakini fikiria yule aliyerudi mapema, kwa sababu tu ya neno la jukwaani, akageuza robo ekari ya viazi kuwa pareto kabla mnunuzi hajapatikana. Hasara yake haimo katika kitabu chochote cha serikali. Imo katika muhula ambao mtoto wake alikaa nyumbani.

Ama mbolea? Hapa haki itendeke. Muungano wa Kenya Kwanza uliingia mwaka 2022 ukiahidi kushusha bei ya mbolea, na bei ilishuka. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa zaidi ya shilingi 6,000 ulifika shilingi 3,500 Septemba mwaka huo, na mwaka 2023 ukashuka tena hadi 2,500. Nani angelalamika? Tulipiga foleni, tukashukuru. Msimu wa upanzi wa 2024 ukaja na habari nyingine: ndani ya mpango uleule wa ruzuku kulikuwa na mbolea isiyofikia viwango, iliyokwisha kuuzwa kwa wakulima. Hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo Mithika Linturi ikafika Bunge la Kitaifa, kamati ya wabunge ikamwondolea lawama mwezi Mei, na Julai akaondoka pamoja na karibu baraza zima la mawaziri lilipovunjwa. Serikali iliahidi kuwafidia walioathirika. Sawa. Lakini aliyepanda kwa mbolea hiyo mwezi Machi hakuwa na Machi nyingine mwaka huo. Mahindi yalibaki mafupi na ya manjano, na magunia aliyotarajia kuuza ili alipe karo yakageuka magunia ya kutafuta kununua.

Ukitaka kuona ahadi iliyotengenezwa kwa ajili ya siku ya kupiga kura pekee, kumbuka unga. Julai 2022, wiki tatu hivi kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, serikali iliyokuwa ikiondoka ilitangaza pakiti ya kilo mbili iuzwe shilingi 100. Wengi wetu tulizunguka dukani hadi dukani tukiambiwa umekwisha, au haujafika. Unga ukarudi kwenye bei yake, na serikali mpya ilipoapishwa Septemba, rais mpya akasema ruzuku za namna hiyo hazidumu. Pengine kiuchumi alikuwa sahihi. Nyumbani, mama aliyekuwa amezoesha watoto ugali wa kushiba kwa majuma machache ndiye aliyebaki kueleza.

Anaahidi kisicho chake

Kaa uwanjani siku ya kampeni usikilize kwa makini, utagundua jambo la kuchekesha. Mgombea wa wadi anaahidi shule ya sekondari. Mgombea ubunge anaahidi zahanati. Mgombea ugavana naye anaahidi kuongeza walimu wa shule za msingi. Hakuna hata mmoja kati yao anayeahidi kazi yake! Katiba ya 2010 imegawa majukumu wazi: chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti ni kazi ya gavana na bunge lake; shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa; mbunge kazi yake ni kutunga sheria, kusimamia matumizi ya fedha na kutuwakilisha. Anayeahidi kisicho chake amejiwekea mlango wa kutokea tangu siku ya kwanza. Ukimdai, atakuambia, "Hiyo ni ya kaunti." Ukienda kaunti, utaambiwa, "Hiyo ni ya Nairobi." Na kweli, wote wawili watakuwa wamesema ukweli, isipokuwa wamechelewa kuusema.

Tangu Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ianzishwe mwaka 2003, mstari huu umefifia zaidi. Basari inatoka kwenye kodi yetu, lakini hutolewa kama zawadi ya mtu binafsi, pengine na picha yake ikining'inia nyuma ya meza. Mama anaipokea kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo, anamwombea mheshimiwa maisha marefu. Sijui mkopo gani duniani ambao mwenye pesa humshukuru aliyemrudishia sehemu ya pesa zake.

Historia yetu yenyewe inaonyesha ni ahadi za aina gani hutimia. Mwaka 2002 Subukia ilimpeleka bungeni Koigi wa Wamwere, mtu aliyeonja jela za Kenyatta na za Moi, katika lile wimbi la muungano wa NARC lililomwingiza Mwai Kibaki ikulu. NARC ilikuja na ahadi mbili kubwa. Ya kwanza, elimu ya msingi bila malipo. Ya pili, katiba mpya ndani ya siku 100. Januari 2003 milango ya shule ilifunguliwa na watoto zaidi ya milioni moja walioachwa nje wakaingia. Mwaka uliofuata hata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akavaa sare na kuketi darasa la kwanza karibu na Eldoret. Katiba je? Ilikataliwa kwenye kura ya maoni ya Novemba 2005 na haikupatikana hadi Agosti 27, 2010, baada ya damu kumwagika.

Kwa nini moja ikatimia na nyingine ikakwama? Elimu ya bure ilikuwa mikononi mwa aliyeahidi: waziri wake, bajeti yake, tarehe ya kufungua shule inayojulikana na kila mzazi. Katiba ilihitaji wakubwa wakubaliane kupunguziana mamlaka, na hilo hakuna mgombea anayeweza kuliahidi kwa siku 100 bila kudanganya. Tofauti hiyo ingeonekana hata siku ya kampeni, kama mtu angeuliza.

Vivyo hivyo laptopu za darasa la kwanza alizoahidi Uhuru Kenyatta na Jubilee mwaka 2013. Zilipofika, miaka mitatu baadaye, zilikuwa vishikwambi, na watoto walioahidiwa walikuwa wameshapanda madarasa. Ila mradi huo ulilazimisha shule nyingi za msingi za mashambani kuunganishwa umeme kwanza, na shule hizo leo zina taa. Sisemi hivyo kuutetea. Nasema kwamba mwalimu wa shule ya kijijini, mwaka 2013, angeulizwa mahitaji yake, angeanza na umeme, na choo.

Ahadi za matangani

Zipo ahadi ambazo zinaumiza kuliko za barabara. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, ukanda huu ulijaa mahema ya wakimbizi wa ndani. Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani: shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Mwaka 2013 waliobaki kambini walipewa shilingi 400,000 kwa kila familia ili watafute ardhi. Lakini wale waliokimbilia kwa jamaa, wakabanana chumba kimoja na shangazi huko Nakuru au Naivasha, hawakuwa na hema la kupigwa picha. Hao ndio wanaoandikishwa upya kila uchaguzi ukikaribia. Jina linaandikwa, nambari ya kitambulisho inachukuliwa, "mtapigiwa simu." Kuna kina mama waliojiandikisha mara nyingi hivi kwamba wanakariri maswali kabla hayajaulizwa.

Na majirani zetu wa Solai? Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la shamba la kibinafsi lilipasuka, maji na matope yakafagia nyumba watu wakiwa ndani. Waliokufa hawakupungua 47, wengi wao watoto na wanawake. Viongozi wa kila chama walifika, wakatoa rambirambi, wakaahidi haki. Februari 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia washtakiwa kwa kuwa upande wa mashtaka haukuwa tayari kuendelea na kesi; Mahakama Kuu ndiyo iliyokuja kuirejesha. Ofisi ya mashtaka haipigiwi kura, najua. Ila wale walioahidi haki mbele ya majeneza walipigiwa, na wangapi kati yao walikuwa Naivasha siku hiyo ya Februari?

Kunyamaza nako ni kura

Matokeo ya haya yote yanaonekana kwenye takwimu za tume ya uchaguzi, IEBC. Mwaka 2013 waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha. Mwaka 2017 ikawa karibu 80. Mwaka 2022 ikaanguka hadi karibu 65. Vijana ndio waliovunjika moyo zaidi: idadi yao kwenye daftari la 2022 ilipungua ikilinganishwa na ya 2017, wakati idadi yao nchini inaongezeka. Kijana wa Kabazi atakuambia, "Nipige, nisipige, ni walewale." Kisha mfuko wa mikopo wa serikali, Hustler Fund, ulipozinduliwa Novemba 2022 akaomba mkopo kwa simu akapata shilingi 500, kwa biashara aliyokuwa ameipangia maelfu. Hamkani si shwari tena. Unamwambia nini kijana huyo kuhusu wajibu wa raia?

Lakini vijana haohao walitufundisha kitu Juni 2024. Walipokuwa wakiukataa Mswada wa Fedha hawakuja na nyimbo za chama. Waliusoma, ibara kwa ibara, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakasema: hapa kwenye mkate, hapa kwenye mafuta ya kupikia, hapa kwenye ushuru wa gari. Walimpigia mbunge simu wakamtajia ukurasa. Waliandamana Nakuru pia. Gharama ilikuwa kubwa mno, watu waliuawa na wengine wakapotea, na mimi sitaki mtu afe ili mbunge asome mswada. Bado, Juni 26 rais alikataa kutia sahihi. Serikali ilisikia pale ilipoulizwa jambo mahususi.

Linganisha na sisi wazee. Hapa kwetu hakuna mkulima anayempa karani wa ushirika lita kumi za maziwa bila kuandikiwa. Alfajiri ile, baridi ikikata, utamwona bibi wa miaka sabini amesimama na mtungi wake, anatazama mizani, kisha anatoa kadi yake iliyokunjwa ndani ya nailoni na kusubiri kalamu. Karani akiandika tisa badala ya kumi, patawaka moto. Mwisho wa mwezi anajumlisha mwenyewe kwa vidole, na jumla ikikosana na ya ofisi, atarudi ofisini hadi kieleweke. Bibi huyohuyo, kwenye mkutano wa kampeni, anaahidiwa barabara ya kupitishia maziwa hayo na hana alichoandika.

Aandike nini? Nani aliahidi, ofisi gani anaitaka, kazi hiyo ni ya ofisi hiyo au ya nyingine, pesa zitatoka bajeti ya mwaka gani. Vikundi vya akina mama, ambavyo tayari vina katibu na daftari, vinaweza kufanya hivyo wiki ijayo. Mwenye simu arekodi. Bajeti ya kaunti inapaswa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo huhudhuriwa na watu wachache, aghalabu walewale, kwa sababu haina soda. Hapo ndipo utajua kama barabara yako imo au ilikuwa hewa.

Kuhusu mia mbili, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inasema anayehonga na anayepokea wote wana hatia, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni mbili au kifungo cha miaka sita. Sijawahi kuona mhongaji wa hapa kwetu akifungwa. Nayo sheria ya kudhibiti fedha za kampeni imekuwapo tangu 2013, lakini IEBC ilipojaribu kuweka viwango vya matumizi mwaka 2021, wabunge waliviangusha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mswada ambao hakuna anayeuahidi

Ibara ya 104 ya Katiba inampa mpiga kura haki ya kumng'oa mbunge kabla ya muhula wake kwisha. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilipoandika utaratibu, ilitaka sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura wa eneo bunge, ikaruhusu jambo hilo baada ya miezi 24 tu tangu uchaguzi na lisiwe ndani ya miezi 12 kabla ya uchaguzi unaofuata, na ikamzuia aliyeshindwa katika uchaguzi kuanzisha hoja. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa viliikwamisha haki ambayo Katiba imeitoa. Mwaka 2025 IEBC ilieleza kwamba wawakilishi wa wadi wanaweza kung'olewa, ila wabunge na maseneta wanasubiri Bunge litunge sheria nyingine.

Yaani wanaopaswa kuandika namna ya kuwafuta kazi ni haohao wanaopaswa kufutwa. Hatuwezi kushangaa kwamba hawana haraka. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, na watakaotaka ubunge wa Subukia watapita Kabazi wakiahidi lami, maji, pareto na viwanja vya michezo, vitu ambavyo vingi havimo katika uwezo wa kiti wanachokitafuta. Kutunga sheria kumo. Kwa hiyo kila mmoja wao aulizwe hadharani, simu zikiwa zinarekodi: mswada wa kutuwezesha kukung'oa utauwasilisha mwezi gani?